Usiiwashe Kabla ya Kesho

Tarishi ameiacha mlangoni akakimbilia gari
ambalo hakuthubutu kulizima.
Nje ni nyuzi arobaini na mbili chini ya sifuri,
ukungu wa Yakutsk umemeza hata duka la ng'ambo ya barabara.
Juu ya boksi, kwa kalamu nene, Dyulus ameandika:
USIIWASHE KABLA YA KESHO SAA TANO.
SIKUKUJUA LEO, SARDAANA.

Nimeilipia kwa miezi saba ya harusi za watu.
Nimekata vicheko, nimeunga machozi,
nimemfuta mjomba mlevi kwenye keki kumi na moja,
kwa laptopu iliyohema kama mwenye pumu
na kuzimika kila nilipofika kwenye busu.

Naukata utepe kwa kisu cha samaki.
Kasha jeusi, ubavu wa kioo;
na kioo, kilipoonja tu joto la nyumba,
kikaota mvi.
Weupe ukatambaa hadi kwenye feni tatu,
kisha ukaanza kulia.
Tone moja limening'inia kwenye ncha ya waya,
halijaamua.

Baridi haiiui kompyuta, Dyulus alisema kwenye simu.
Kinachoiua ni kukaribishwa kwa pupa.

Mama anapita na beseni: samaki wawili wa mto Lena,
wakavu kama kuni, wametoka roshani.
"Wako atayeyuka lini?"
"Kesho saa tano."
"Wangu leo jioni. Tena wangu analika."

Basi nakaa sakafuni na vikorokoro.
Kibodi tatu za kuazima, nichague moja.
Ya kwanza ni mvua ya mawe juu ya bati;
Mama aligonga ukuta kabla sijamaliza jina langu.
Ya pili laini mno, kama kubonyeza mkate,
vidole haviiamini.
Ya tatu inasikika kama mtu anayemenya karanga chumba cha pili.
Hiyo.
Haina herufi zetu tano za Kisakha.
Nimezibandika kwa stika; moja imekaa upande
kama jino la mtoto.

Taa za rangi rangi nilizikataa, Dyulus akanuna.
Akaniachia moja ya kijani,
"ujue tu kama ingali hai."
Kipanya nilichagua kwa kufumba macho.
Spika, hapana: kuta zetu ni za karatasi.
Ila skrini, skrini ndiyo iliyonifilisi.
Nilitaka inayojua kwamba theluji si nyeupe,
kwamba ya asubuhi ina samawati,
ya saa nane ina waridi,
na ya jirani na bomba la moshi ina kutu.

Maana nina saa tisini za picha ambazo si harusi ya mtu:
Varvara sokoni, samaki wake wamesimama wima ndani ya ndoo,
anahesabu chenji bila kuvua glavu,
anamtukana mteja kwa upole hadi mteja anaongeza kilo.
Hakuna aliyeniagiza. Hakuna atakayenilipa.

Saa tisa usiku naamka, naigusa.
Kavu.
Nimeweka kidole kwenye kitufe, nakihisi kinavyorudisha pumzi,
nikarudi kitandani nikiwa na hasira na Dyulus.

Saa tano. Nabonyeza.
Kimya.
Nabonyeza tena, naita jina la Mungu na la fundi.
"Swichi ya nyuma," anasema Dyulus, mdomo umejaa chakula.

Halafu feni zikavuta pumzi ya kwanza,
kijani kikafumbua jicho,
na ikaniuliza, kwa lugha ambayo si yangu, niko wapi.
Betri ya saa ilikufa ganzi njiani.
Pembeni mwa skrini, tarehe:
inaamini ni Julai.

Najua pa kubonyeza niirekebishe.
Mama ameingia na sahani, anauliza inasema nini.
Dirisha limeganda hadi juu.
Naiacha kidogo.